Mama Wawili wa Zawadi

Siku tuliyomzika Mama Debora, baada ya watu kunawa mikono uani kama ilivyo desturi yetu tukitoka makaburini, Zawadi alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko, mahali ambapo wageni wasingetusikia, akaniuliza kama bado namkumbuka mama yake. Alikuwa mwanamke mzima, ana watoto wake na kazi ya ofisini, na macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia. Nilidhani msiba umemchanganya. Nikamwambia, "Mama yako si ndiye tumetoka kumlaza sasa hivi?" Akatikisa kichwa. "Huyu hata mkinifunga macho namwona. Nauliza yule wa Nyakiriba. Sauti yake bado ninayo, shangazi Vestina, lakini uso umenitoka. Nikijitahidi kuuona, naona kitambaa cha kichwani tu." Katika hao wawili hakuna aliyemzaa, na yeye analijua hilo tangu utoto. Nilimweleza nilichoweza palepale, tumesimama kwenye moshi wa masufuria ya msibani, mpaka wakaniita kwenda kupakua chakula. Nilikuwa nimemwambia rangi ya ngozi yake, mwanya wake, jinsi alivyotembea akiinamia mbele kama mtu apandaye mlima hata akiwa kwenye tambarare. Lakini uso wa mtu hauelezeki bila yale yaliyoupata. Kwa hiyo mengine nayaandika hapa, ya mwaka ule wa elfu moja mia tisa tisini na nane, nilipokuwa binti wa miaka ishirini na miwili, mgeni kutoka Karagwe, Tanzania, mtoto wa wakimbizi wa Rwanda, mwalimu wa shule ya msingi asubuhi na mkalimani wa Pasta Samweli kila Jumapili.

Nyumba ya Pasta na mkewe, Mama Debora, ilikuwa Nengo, mtaa wa mji wa Gisenyi, Rwanda, mpakani na Kongo, ya mawe, ya zamani, yenye sakafu ya saruji nyekundu ambayo Mama Debora aliipaka nta kila Ijumaa akiwa amepiga magoti, na hakumruhusu mtu mwingine aiguse. Mimi nilipewa chumba cha uani, kile ambacho zamani alilala mpishi wa Wazungu, chenye dirisha dogo lililotazama jiko. Kwa sababu ya dirisha lile nilisikia mambo mengi kuliko niliyopaswa. Sebuleni palikuwa na meza ndefu ya mninga. Jumapili ilisukumwa ukutani, mabenchi yakaingia, na hapo ndipo kanisa letu lilipoanzia, familia chache zilizorudi kutoka Kongo, zikiimba kwa Kiswahili kwa sauti ya chini kama watu waliokodi nyimbo. Kwa chakula tulikula bugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, wakati mambo yalipokuwa mazuri, na sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga wakati wavuvi walipopata. Siku nyingine zote ilikuwa viazi na maharage. Viazi alimenya Pasta mwenyewe. Aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, mtu mrefu wa miguu iliyokosa pa kuwekwa, akamenya ganda jembamba lililoning'inia bila kukatika, na huku akinong'ona mahubiri yake. Majirani waliona ni aibu. Mama Debora alimwambia, "Batu wanapita, wanakuona." Naye akajibu, "Waone. Mi ni mukwe ya hii inchi. Mukwe anapewa kazi."

Na kweli alikuwa mkwe. Alikuwa Mshi, kabila la Bukavu upande wa Kongo, na Mama Debora alikuwa Mnyarwanda aliyezaliwa uhamishoni kulekule. Vita vilipokwisha na ndugu wa mkewe wakarudi, alifunga mizigo akawafuata, akaacha parokia nzuri na wazazi wazee. Kinyarwanda hakikumwingia. Alijua kusalimia, kuomba maji na kusema pole, basi. Alipojaribu zaidi watoto walicheka. Ndiyo maana alinihitaji. Yeye alihubiri kwa Kiswahili chake cha Bukavu, mimi nikakigeuza Kinyarwanda, sentensi kwa sentensi, nimesimama hatua moja nyuma ya bega lake. Wazee wa kanisa walinitania kwa Kiswahili changu, wakasema nazungumza kama redio ya Dar es Salaam, lakini Kinyarwanda changu hawakukitania, kwa sababu kanisa lilikuwa linakua, na wengi waliokuwa wanaingia hawakujua lugha nyingine. Waliingia watu waliorudi kutoka kambi za Kongo, na nyuso zao bado zilikuwa na rangi ya vumbi la safari. Waliingia wajane waliobaki peke yao katika ukoo mzima. Sebule ikajaa, tukahamia chini ya shitingi, lile turubai la bluu la wakimbizi, uwanjani karibu na barabara. Shitingi nayo ikajaa, na Pasta akapata kiwanja palepale akasema tutajenga kwa mawe meusi ya volkano, kwa sababu mawe hayo Mungu ameyamwaga bure. Ninapokumbuka zile Jumapili za mwanzo wa mwaka najiuliza kama tulielewa tulichokuwa tukikifanya. Kila mtu aliimba akimchungulia jirani yake kwa pembe ya jicho. Hakuna aliyeuliza jirani alikuwa wapi miaka minne nyuma, wakati wa mauaji. Tuliita hali ile amani, na labda ilikuwa, kama vile kidonda kilichofunikwa ni afadhali kuliko kilicho wazi, mpaka siku harufu inapoanza.

Fundi aliyeongoza ujenzi aliitwa Damasi. Alikuwa mtu wa Nyakiriba, kijiji cha mlimani juu ya mji, kimya, mwenye vidole vifupi vilivyokatika kucha, na alilijua jiwe upande wa kulipiga. Hakutaka malipo zaidi ya chakula. Kila mchana Mama Debora alimpakulia sahani na kumpelekea mwenyewe kiwanjani, na mara nyingi mkewe Damasi, Verediana, alikuwapo, amebeba mtungi wa maji na kumshika mkono binti yao wa miaka minne, Zawadi. Jina la Kiswahili walimpa walipokuwa kambini Goma. Mama Debora hakuwa na mtoto. Alimzoea Zawadi kwa haraka iliyotushangaza sote. Alimwekea sambaza wachache kwenye karatasi, akamfunga nywele, akamfundisha kuhesabu kwa Kifaransa kwa kutumia mawe. Verediana alisimama pembeni akitabasamu, ule mwanya wake ukionekana, akiwa na fahari ya mama ambaye mtoto wake amependwa na mke wa mchungaji. Siku moja nikiwa chumbani nilimsikia Mama Debora akimwambia mumewe jikoni, "Ile mutoto anaangaliaka kama Agnesi." Pasta aliendelea kumenya viazi. Nilisikia kisu kikigonga sufuria. Kisha akasema, "Debora, we unaona Agnesi kila pahali. Hata kwenye soko unamuona." "Najua," alisema Mama. "Nasema tu."

Agnesi alikuwa mdogo wa pekee wa Mama Debora. Aliolewa Gisenyi kabla ya vita, akajifungua mtoto wa kike akampa jina la mama yao, Roza, na habari hiyo ndiyo ya mwisho kufika Bukavu. Mume wake aliuawa barabarani na mwili wake ulipatikana. Agnesi na kichanga hawakupatikana. Mama Debora alipofika mjini alitafuta mitaa yote, akauliza kila aliyekubali kuulizwa, akaangalia mashimo ya maiti yaliyofunguliwa. Kisha akanyamaza, akaanza kupaka sakafu nta.

Mwezi wa tatu mvua ilisimamisha ujenzi kwa siku kadhaa. Alasiri moja Damasi alikuja nyumbani, amelowa, akasimama sebuleni karibu na mlango akakataa kiti. Aliniomba nimkalimanie kwa Pasta. Mama Debora alikuwa jikoni akichemsha chai ya maziwa. Nilidhani anataka kuzungumzia saruji. Akaanza kwa sauti yake ileile ya kazini, macho yakitazama meza. Alisema siku ya kwanza Mama alipompa sahani, katika mkono wake aliuona mkono wa Agnesi. Alisema alimjua Agnesi kwa sababu alimjengea jiko, na wakati wa mauaji Agnesi alikuja kwake Nyakiriba usiku akiwa na mtoto mgongoni, naye na Verediana wakamficha nyuma ya ghala la viazi. Kisha kundi likaja, likasema linajua, likasema litachoma nyumba na wote waliomo. Nilikuwa nageuza kipande kwa kipande, na nilikuwa nimemfikisha Pasta kwenye ghala, Damasi aliponitangulia. Hakunisubiri tena. Alisema, "Ni njye wamusohoye mu nzu." Ni mimi niliyemtoa nje ya nyumba. Akaendelea bila kupumua: alimshika mkono akamkabidhi kwa kundi, alisikia alivyokufa, na walipoondoka akamzika kwenye shamba lake. Mtoto hawakumwona kwa sababu Verediana alikuwa amemweka kifuani mwake kama wake.

Nilipogeuka kumtazama Pasta niliona hanitazami mimi. Alikuwa anamtazama mkewe, aliyesimama ukumbini na sinia la chai mikononi. Mama Debora hakuhitaji mkalimani. Alikuwa amesikia yote, na mumewe bado alikuwa yuko kwenye ghala la viazi, akisubiri kinywa changu. Sinia halikuanguka. Aliliweka chini sakafuni taratibu, kikombe hata kimoja hakikumwagika, akaingia sebuleni akamuuliza Damasi swali moja kwa Kinyarwanda: "Mtoto yuko wapi?" Damasi akasema, "Ni Zawadi. Yuko na mama yake, wanajikinga mvua chini ya shitingi." Mama akatoka mvuani bila viatu.

"Anasema nini?" Pasta aliniuliza. "Vestina, anasema nini? Debora anaenda wapi?" Nikamwambia. Sijui nilitumia maneno gani. Nakumbuka tu kwamba nilizungumza Kiswahili kibaya kuliko siku zote. Pasta aliweka viganja vyote viwili mezani. Nilifikiri atauliza kuhusu Agnesi, au atamwinukia yule mtu, kwa maana alikuwa na nguvu za kufanya hivyo. Alipozungumza aliuliza, "Bibi yako anajua kama umekuya kusema hii?" Nikageuza. Damasi akatikisa kichwa: mkewe hajui. Pasta akafunga macho. "Ulipashwa kuanzia kwa yeye," alisema. "Mwambie, Vestina. Mwambie alipashwa kuanzia kwa yeye." Wakati huo kutoka kiwanjani tulikuwa tumeanza kusikia sauti ya Verediana.

Nilipofika chini ya shitingi, Mama Debora alikuwa amepiga magoti kwenye tope akiwa amemkumbatia Zawadi, na Zawadi alikuwa anacheka, akidhani ni mchezo. Verediana alikuwa amesimama mbele yao. Alikuwa ameelewa bila kuambiwa. Nadhani alikuwa akiisubiri siku ile tangu Goma. Hakumvuta mtoto. Alikuwa anasema neno moja tu, "Mubyeyi, Mubyeyi," yaani Mzazi, ile heshima tunayompa mama wa watu, na kila mara alipolisema sauti ilipanda.

Yaliyofuata yalikwenda haraka kwa sababu Pasta alikataa yaende kwa kificho. Asubuhi iliyofuata alitembea na Damasi kwa miguu hadi komini, kwenye ofisi za serikali, mtu mrefu na mtu mfupi, wakipita katikati ya soko, na Damasi akasema yote mbele ya wakubwa, akabaki huko mahabusu. Siku za mbele tulipanda Nyakiriba kwenye lori la askari, kwa kuwa barabara ile ilikuwa na wapiganaji msituni na hakuna mtu wa mjini aliyekwenda bila kusindikizwa. Shamba lilikuwa na viazi vilivyochanua. Walichimba Wanyakiriba wenyewe, na hakuna aliyesema neno mpaka kilipoonekana kipande cha kitenge cha kijani chenye maua ya zambarau. Mama Debora alikijua. Kilikuwa kitenge cha harusi yake mwenyewe, ambacho wanawake wote wa ukoo walishona Bukavu. Alikiondoa mwenyewe kwa vidole, udongo ukidondoka, akakikunja mara mbili kana kwamba anakirudisha kabatini. Tulimzika Agnesi mjini, na siku hiyo Pasta hakuhubiri. Alisoma zaburi, akaketi na jamaa wa marehemu kama mkwe.

Alihubiri Jumapili iliyofuata. Alisimama chini ya shitingi, mawe ya ukuta yakiwa yamefika kifuani nyuma yake, akawaeleza watu yote, na mimi nikayasema tena. Alimalizia hivi: "Huu ukuta ulijengwa na mukono ya Damasi. Mi siwezi kuubomoa, na siwezi kusema sikuujua. Atahukumiwa na serikali, na iko haki. Lakini kama anaita Mungu kule gerezani, mi nitaenda kuomba naye, na bibi yake ataendelea kuingia hapa." Mzee Gasipari, mmoja wa wale waliotuanzishia kanisa sebuleni, alisimama. Hakupaza sauti. "Pasteur, tunakuheshimu. Lakini we ni mugeni. Haukupoteza mutu hapa." Pasta akamjibu, "Mzee, nimeoa ndani ya hii kilio." Gasipari akavaa kofia yake. "Kuoa ni kuoa," alisema, "na kufiwa ni kufiwa." Akatoka, na familia yake ikamfuata, na nyingine, na nyingine. Ajabu ni kwamba hata wale wa kambini walianza kupungua. Waliogopa. Kama fundi wa kanisa alikuwa amesema, nani angefuata kusema, na angemtaja nani? Kufikia mvua za masika kwisha, tulikuwa tumerudi kuwa wachache kama mwanzo, ila sasa tulikaa katikati ya kuta za mawe zisizo na paa, na sauti zetu zikapotelea juu.

Zawadi alihamia Nengo. Wakubwa wa komini walisema damu ni damu, na hakuna aliyebisha, hata Verediana. Pasta ndiye peke yake aliyejaribu njia nyingine. Nilimsikia kupitia dirisha langu: "Debora, chumba ya uani iko kubwa. Vestina anaweza kulala ndani na sisi. Verediana akae pale na mutoto, pole pole, mpaka akuzoee." Mama alijibu kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia. "Nikae na bibi ya ule mutu? Nimupikie tena? Samweli, nilimupikia. Miezi yote ile nilimupikia, na alikula." Pasta hakulirudia jambo lile. Amri nyingi alizitoa kanisani mwaka ule, lakini nyumbani hakutoa hata moja, na mpaka leo sijui kama ile ilikuwa hekima au uchovu.

Kwa hiyo Verediana akawa mtu wa Jumapili. Alishuka kutoka Nyakiriba alfajiri na wanawake wenye mboga, akaketi benchi la mlangoni na kile kitambaa chake cha manjano kichwani. Wimbo wa kwanza ulipoanza Zawadi alimwona, akaponyoka mikononi mwa Mama Debora, akakimbia katikati ya mabenchi akipiga kelele "Mama!" Alikaa mapajani mwake ibada nzima, ameshika sikio lake, kwani ndivyo alivyozoea kulala. Kisha ilikuja baraka ya mwisho, na baada ya baraka ilikuja kazi ya kumbandua. Sina neno jingine. Vidole vilibanduliwa kimoja kimoja, na Verediana mwenyewe ndiye aliyesaidia kuvibandua, huku akimnong'oneza atarudi. Watoto hulia hivyo kwa muda mfupi, husemwa, kisha husahau. Zawadi hakusahau. Alikataa chakula mpaka Jumanne. Alikaa chini ya ile meza ya mninga na hakuitika jina la Roza, ambalo Mama Debora alimwita. Kuna habari katika Biblia ya wanawake wawili waliogombea mtoto mmoja mbele ya mfalme. Kila mtu aliyebaki kanisani aliikumbuka, na mwaka mzima hakuna aliyethubutu kuisoma, kwa sababu kwetu hakukuwa na mwongo wa kumpata.

"Mukataze," Mama alimwambia Pasta Jumapili moja mezani, maharage yakipoa. "Sema asikuye tena. Mutoto anakufa." Pasta akasema, "Mulango ya kanisa si yangu." "Basi ni ya nani?" "Debora..." "Donc mi na mutoto tutabaki hapa. Utahubiria mawe." Na alifanya hivyo. Jumapili zilizofuata mke wa mchungaji alibaki nyumbani na Zawadi, mlango umefungwa, na Verediana aliketi benchi lake la mlangoni kuanzia wimbo wa kwanza hadi baraka, akitazama njia. Pasta alihubiri. Nilikuwa karibu na bega lake, nikamwona akilitazama lile benchi kabla ya kila sentensi. Alikonda. Alikwenda gerezani na vikapu vya viazi alivyopika mwenyewe, kwa sababu mkewe hakuvigusa, na pale lango la mpakani la Grande Barrière, alipokuwa akipita kwenda kuwaona wazazi wake, watu walianza kumwita Mukongomani, yeye waliyekuwa wakimwita Baba.

Kisha, katikati ya wiki, Verediana alikuja Nengo. Hakuwahi kuja tangu siku ile ya mvua. Nilikuwa nimerudi kutoka shuleni na ninasahihisha madaftari ya watoto dirishani kwangu. Pasta alikuwa amekwenda gerezani kumwona Damasi. Zawadi alikuwa amelala. Mama Debora alikuwa jikoni akichambua maharage kwenye ungo. Verediana alisimama kizingitini na kikapu cha viazi kichwani, akakishusha, hakuingia. Walizungumza Kinyarwanda, nami nayaandika kama nilivyoyasikia. Alisema, "Sikuja kumchukua." Mama hakuinua uso. Verediana akasema, "Akikohoa usimpe limau, anatapika. Asali peke yake. Mbwa anawaogopa, kuna mmoja alimng'ata kambini. Uji wa moto haunywi, anasubiri upoe mpaka ufanye ngozi juu, ile ngozi ndiyo anaipenda. Mwache ashike sikio lako. Usiku wa kwanza utachoka, halafu utazoea." Mikono ya Mama ilikuwa bado inachambua, lakini niliona anarudisha mawe kwenye maharage. "Jumapili sitakuja," Verediana alisema. "Nikija analia, nisipokuja analia, lakini nisipokuja atachoka mapema. Akiuliza, mwambie nimekwenda kulima."

Mama Debora aliinua uso. Kisha akauliza, "Ulimnyonyesha wewe?" "Ndiyo, Mubyeyi." "Maziwa uliyapata wapi?" Verediana akasema, "Wangu alikuwa amekufa juma lile lile. Wa kiume. Maziwa yalikuwapo." Mama Debora akauweka ungo chini. "Kaa," alisema. Akasogeza kile kigoda cha Pasta. Verediana alikitazama, na hapo ndipo nilipouona uso wake wote, uso ule ambao Zawadi ananiuliza: ulikuwa wa msichana. Hakuwa amenizidi mimi umri kwa chochote. Akasema, "Nikikaa sitaondoka." Akakiacha kikapu, akashuka ngazi za uani, akainama mbele kwa ule mwendo wake, akaenda. Mama Debora hakumwita. Alibaki amesimama, mkono juu ya kigoda.

Jumapili ile Mama alikuja kanisani na mtoto, benchi la mlangoni likawa tupu. Na iliyofuata pia. Pasta aliuliza gerezani. Damasi hakujua lolote, akalia mbele ya askari. Pasta akawauliza wanawake wa mboga. Wakasema kwamba upande ule watu wanahamishwa kutoka mashambani kwa sababu ya mapigano, na mtu akitoweka huwezi kujua amehama au amezikwa. Niseme mapema kwamba Verediana hatukumwona tena. Damasi alifariki gerezani kwa homa kabla ya kesi yake kusikilizwa, na Pasta alimzika. Kanisa liliezekwa, likajaa tena, likazaa makanisa mengine, na mzee Gasipari alirudi kwa miguu yake mwenyewe akiwa hawezi tena kuona vizuri. Pasta Samweli alizeeka humo akihubiri kwa Kiswahili mpaka mwisho, nami niliondoka nikaolewa Kigali, na mkalimani mwingine akasimama nyuma ya bega lake. Watu wakitaja huduma yake wanataja hayo. Mimi nikimkumbuka yeye na mkewe nakumbuka kwanza alasiri moja ya kiangazi, karibu na mwisho wa mwaka ule wa shule.

Mama Debora alikuja chumbani kwangu akiwa amevaa viatu vya kutembelea na Zawadi akiwa amevikwa sweta. "Twende," alisema. Sikuuliza wapi. Pasta alikuwa kizingitini. Alitaka kuja nasi, Mama akamwambia abaki, akamgusa ukosi wa shati akaunyoosha, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi mingi. Tulipanda na magari yaliyosindikizwa. Nyakiriba ilikuwa kimya sana. Shamba lilikuwa limevunwa na kulimwa upya kwa mistari iliyonyooka, halijapandwa kitu. Nyumba haikuwa imefungwa. Ndani palikuwa pamefagiliwa. Mkeka umekunjwa, masufuria yamefunikwa kifudifudi, hakuna majivu mekoni. Mama alizunguka nyuma akaita, "Verediana!" Akaita mara nyingi, akielekea bonde, kwa sauti ile ya kumwita mtu wa nyumbani chakula kikiwa tayari, na mwangwi ukamrudishia jina. Jirani alitoka, akatutazama, akarudi ndani.

Zawadi hakuwa amelia. Aliingia, akakunjua mkeka mahali pake, akaulalia kidogo kama anayeupima, kisha akatoka akaketi mlangoni. "Amekwenda kulima," alitueleza. Mama Debora alilitazama lile shamba tupu lililokwisha kulimwa. Kisha mwanamke yule, ambaye asingeketi hata kwenye mkeka wa mtu bila kuupangusa, alijishusha akaketi kwenye udongo wa kizingiti kile, akamwinamishia mtoto kichwa ili sikio lake liwe karibu na mkono. "Bon," alisema. "Tumungojee kidogo." Tukamngojea. Jua lilishuka nyuma ya mlima, baridi ikaingia, na tulikuwa bado tunangoja askari alipokuja kutuambia kwamba gari la mwisho linaondoka.